Wananipiga picha, lakini pesa zangu hazitoki

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ni pilipili ya ukwaju na achari ya embe. Nilianza jikoni kwangu, nikiwauzia majirani na wauza mihogo wa Lighthouse, nikaingia maduka ya Majengo na Kongowea. Sasa nina chumba maalumu cha kupikia, wasichana wawili wa kunisaidia, na alama ya ubora ya KEBS kwenye chupa.

Mwaka jana kijana wa idara ya ununuzi wa supamaketi moja kubwa yenye matawi nchi nzima (jina naliweka moyoni) alionja pilipili yangu kwenye duka moja la Nyali akanitafuta. Sitasema uongo, amenifaa sana. Ndiye aliyenielekeza kwa GS1 nikapata msimbopau. Aliniambia waziwazi kwamba lebo yangu ya zamani ilifanana na ya dawa ya mende, akanitafutia kijana wa kuichora upya kwa bei nafuu. Nikaingia matawi mawili ya hapa Mombasa, na mzigo unatoka. Yeye huniita mamangu, mimi humwita mwanangu.

Shida ni malipo. Siku ya kwanza nilitia saini fomu ya kurasa nne, nakala sikupewa. Tulikubaliana siku 60, lakini mara zote zinapita 90. Nikipiga simu kwa wahasibu wao Nairobi naambiwa ankara haionekani kwenye sistemu. Nikiituma tena naambiwa imeonekana, nisubiri. Leo nawadai shilingi 412,000. Na hela ikija, inakuja imekatwa: asilimia 8 wanayoiita ribeti, na chupa wanazosema zimerudishwa. Msichana wa kupanga chupa kwenye rafu zao namlipa mimi, 15,000 kwa mwezi. Juzi imekuja barua pepe kwamba duka linasherehekea miaka yake, kila msambazaji akatwe asilimia 4 nyingine.

Sasa sikia. Mwezi uliopita walitualika wafanyabiashara wadogo hotelini, tukapewa vyeti, tukapigwa picha na mkubwa wao. Mimi niko kwenye mtandao wao nimeshika chupa, chini wameandika "Tunakua pamoja". Siku hiyo nilikuwa nimemkopa dada yangu nauli.

Wanataka niingie matawi 14, hadi Nairobi, Nakuru na Kisumu. Kila tawi jipya nitoe katoni ya kwanza bure. Benki iko tayari kunikopesha 900,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, nikiweka kiwanja chetu cha Mtwapa. Mume wangu hataki hata kulisikia. Dada yangu anasema bahati haibishi hodi mara mbili. Na yule kijana amenidokeza kwamba kampuni inafikiria pilipili yenye jina la duka lenyewe, akaniomba nimtumie vipimo vya viungo "waangalie".

Hesabu zangu ni hizi: chupa moja inanigharimu 92 mpaka kufungwa. Supamaketi wananunua 145. Maduka ya Kongowea wananunua 125, na wanalipa papo hapo kwa simu. Supamaketi huchukua kama chupa 1,000 kwa mwezi. Kati ya chupa 20, moja hurudi. Tuktuk ya kupeleka inanitoka shilingi 6 kwa chupa, Kongowea ni 4.

Nichukue mkopo? Na nikienda kulalamika serikalini, si watanitoa kwenye rafu?

Mama Pilipili, Kisauni


Marahaba mwanangu.

Nianze na mkopo, kwa sababu benki haitakungoja na mume wako hatalala: usiuchukue. Si kwa masharti hayo, na si kwa kiwanja hicho. Nitakueleza kwa hesabu zako mwenyewe, nashukuru ulizileta, maana wengi huniletea machozi bila risiti.

Chupa unawauzia 145. Toa 92 za kuitengeneza, zinabaki 53. Ribeti ya asilimia 8 inachukua 11.60. Chupa moja kati ya 20 ikirudi, hiyo ni kama shilingi 7.25 juu ya kila chupa. Tuktuk, 6. Msichana wa rafu analipwa 15,000 kwa chupa 1,000, yaani shilingi 15 kila chupa. Mpaka hapo umebaki na 13.15. Makato ya sherehe, asilimia 4, yanachukua 5.80, unabaki na 7.35. Sasa ingiza mkopo. Asilimia 18 kwa mwaka ni moja na nusu kwa mwezi, na tangu ununue ukwaju na chupa tupu mpaka supamaketi walipe ni miezi minne hivi. Kwa chupa iliyokula shilingi mia moja yako, riba ni 6. Umebakiwa na shilingi moja na senti 35. Halafu KRA, watu wa kodi, nao wapo: TOT, kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo, ni asilimia 3 ya mauzo ghafi, faida haiangaliwi, na inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, uwe umelipwa au hujalipwa. Hiyo ni 4.35. Kwa hiyo kila chupa itakayouzwa kwenye sherehe yao, ndani ya mkopo huo, unawalipa wao shilingi 3 wakuuzie.

Chupa ile ile Kongowea: 125, toa 92, toa 4 za tuktuk, toa 3.75 za kodi. Shilingi 25 na senti 25 ziko kwenye simu yako kabla hujapanda matatu ya kurudi.

Najua utasema chupa moja si kitu, faida iko kwenye wingi. Haya, tuutazame wingi. Matawi mawili yanakudai, samahani, wewe unayadai 412,000 (hata mimi ulimi unateleza, maana ukitazama nani anayemwogopa mwenzake ungedhani mdaiwa ni wewe). Ukiwa na matawi 14 yanayouza kwa kasi hiyo hiyo na kulipa kwa mwendo huo huo, utakuwa na karibu shilingi milioni 2.9 zimelala kwao wakati wote. Kutengeneza na kupeleka chupa 7,000 kwa mwezi ni kama shilingi 700,000, na hapo sijaweka nauli ya mzigo mpaka Kisumu wala katoni za bure. Mkopo wa 900,000 utaisha kabla ya wiki ya sita. Malipo ya kwanza yatafika mwezi wa nne, yakija. Hizo wiki katikati utakula nini, na benki utailipa kwa nini?

Mume wako alikataa kwa kuogopa kiwanja. Mimi naongeza kwamba hata bila kiwanja, hata kama dada yako angekupa hizo 900,000 bure, hazitoshi.

Sasa huyo kijana. Usimchukie, na wala usidhani anakuchezea. Ndani ya kampuni kubwa kuna vyumba vingi na havisemezani. Yeye yuko ununuzi, anasifiwa akileta bidhaa mpya zinazouzika. Walioandaa hafla ya hoteli ni watu wa matangazo, wao wanataka sura yako. Mhasibu wa Nairobi hajawahi kuonja pilipili yako. Yeye anasifiwa pesa zikikaa kwenye akaunti muda mrefu zaidi. Kila mmoja anafanya kazi yake vizuri, na matokeo yake ni kwamba wewe unapewa cheti na chumba cha matangazo huku chumba cha uhasibu kinaishi kwa hela zako.

Maana ndivyo ilivyo. Mteja akifika kwenye kaunta na chupa yako analipa palepale, kwa M-Pesa, kwa kadi au kwa noti. Duka linalomaliza katoni zako kwa wiki mbili na kukulipa baada ya siku 98 limekaa na pesa ya pilipili yako karibu miezi mitatu bila riba. Jumlisha wasambazaji wote, wa maziwa, wa unga, wa sabuni, wa mayai. Kwa fedha hizo tawi jipya hufunguliwa. Benki ingewatoza riba na kutaka dhamana. Wewe hukutoza riba wala hukutaka dhamana, na bado ukaomba nauli ya kwenda kuwashukuru.

Kenya tumeona mwisho wa mchezo huu. Nakumatt ilikuwa ndiyo supamaketi kubwa kuliko zote nchini. Ilipoingia mikononi mwa msimamizi wa ufilisi mwanzoni mwa 2018 madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30, na sehemu kubwa ilikuwa ya wasambazaji. Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe. Matawi sita yaliyokuwa yamebaki yalichukuliwa na Naivas kwa shilingi milioni 422. Linganisha mwenyewe 422 milioni na bilioni 30. Wadai wenye dhamana walisimama mbele ya foleni. Aliyepeleka nyanya, mayai na achari alisimama nyuma kabisa, na nyuma ya foleni kama ile hakuna kinachofika. Kabla yake Uchumi ilishatikisika, baadaye Tuskys nayo ikaanguka. Dalili zilikuwa zile zile: rafu zinaanza kuwa na mapengo, siku 60 zinakuwa 90, 90 zinakuwa 120, na simu za wahasibu zinakosa majibu. Sisemi kwamba hao wako wanafilisika. Nasema usiwe na kwao pesa ambayo ukiikosa unafunga.

Umeuliza habari ya kulalamika. Hapo sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Sheria ya Ushindani ilirekebishwa 2019 ikaeleza wazi nini maana ya mnunuzi mkubwa kutumia nguvu zake vibaya: kuchelewesha malipo bila sababu ya haki kinyume na mlivyokubaliana, kusitisha biashara ghafla bila taarifa, kurudisha au kukataa mzigo kinyume na makubaliano, kumtwika msambazaji gharama au hasara ambayo ilikuwa ya mnunuzi. Tena inataka pawe na mkataba wa maandishi unaosema tarehe ya kulipa, riba ya kuchelewa, namna ya kuvunja au kubadili masharti, na namna ya kutatua ugomvi. Fomu ya kurasa nne usiyo na nakala yake sijui kama inafika huko. Waombe nakala kesho.

Na sheria hiyo si ya kupamba kabati. Kampuni ndogo ya mtindi, Orchards, iliishtaki supamaketi ya Carrefour kwa Mamlaka ya Ushindani. Ukisoma malalamiko yake utadhani ni barua yako: ribeti, bidhaa za bure tawi jipya likifunguliwa, kulazimishwa kuweka wafanyakazi wake ndani ya duka. Mamlaka iliipa haki mwaka 2020, na Baraza la Ushindani likaunga mkono uamuzi huo 2021. Desemba 2023 Mamlaka ikaipiga faini kampuni inayoendesha Carrefour hapa nchini, Majid Al Futtaim, ya shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya wasambazaji wengine wawili, Woodlands wa asali na Pwani Oil wa mafuta ya kupikia, na kuiamuru iwarudishie ribeti za zaidi ya shilingi milioni 16. Huko Uingereza nako, 2016, msimamizi wa kanuni za maduka makubwa ya vyakula aliikuta Tesco na hatia ya kuchelewesha kwa makusudi pesa za wasambazaji wake. Kwa hiyo usidhani ni ushamba wako wa Kisauni uliokufikisha hapa.

Lakini umeniuliza kama watakutoa kwenye rafu, na hapo sitakudanganya. Sheria inaweza kuwaadhibu wakikutimua kwa kulalamika. Haiwezi kumlazimisha mtu atume LPO, ile oda rasmi ya kununua. Hawatakuandikia barua ya kukufukuza. Oda itapungua, mwezi huu katoni tano, mwezi ujao mbili, kisha hakuna, na ukiuliza utaambiwa bidhaa haina mwendo. Unaweza kuiomba Mamlaka isitaje jina lako, lakini mwenye pilipili ya ukwaju ya Mombasa kwenye orodha yao ni wangapi? Kwa hiyo malalamiko ni silaha ya mtu ambaye kesho yake anaweza kuishi bila wao, au ya watu wengi kwa pamoja. Wale uliokaa nao hotelini mna namba za simu za kila mmoja? Anza kuulizana, kila mtu anawadai kiasi gani na tangu lini. Ipo pia Association of Kenya Suppliers, chama cha wasambazaji. Barua yenye kichwa cha chama haina sura ya mama mmoja wa kumnunia.

Kabla ya kufika huko, waandikie kwanza. Si WhatsApp, na si kwa yule kijana peke yake. Barua pepe, kwa ununuzi na kwa uhasibu pamoja, na yule mkubwa wa kwenye picha awemo. Bila hasira, bila "naomba mnisaidie". Andika hivi: "Asante kwa mwaliko wa matawi 14. Niko tayari kuongeza matawi baada ya ankara zilizopita siku 60 kulipwa, orodha yake imeambatanishwa na namba zake. Kwa matawi mapya, kwa kuwa mimi ni mfanyabiashara mdogo, napendekeza malipo ndani ya siku 30, mpangaji wa rafu awe wa duka, na bidhaa ikishapokelewa katika hali nzuri isirudishwe isipokuwa kosa ni langu. Makato ya sherehe ya asilimia 4 hayamo kwenye makubaliano yetu, sitaweza kuyakubali." Basi. Usieleze shida za nyumbani, wala ada ya shule usiitaje.

Wakikubali nusu ya hayo, ongeza matawi mawili, si kumi na mbili, na yawe ya hapa Pwani ambako tuktuk inafika. Wakikataa yote, baki na mawili ulipo, punguza mzigo mpaka deni lishuke, na usilie. Jina lako kwenye rafu ya duka kubwa lina faida yake nyingine: mwenye hoteli wa Diani akikuona hapo anakuamini. Itumie faida hiyo, bali iwe tangazo unalojua bei yake.

Na kuna mahali pesa zako zinapotea ambapo barua haifiki, nako ni mlango wa nyuma. Unajua ninapopasema. Jua la saa saba, foleni ya tuktuk na pikapu, karani wa kupokea mzigo ana kalamu sikioni, anasema sistemu iko chini, acha mzigo, karatasi utaijia kesho. Usiache. Kaa hapo mpaka uote mzizi. Katoni ifunguliwe mbele yako, zihesabiwe, namba ya LPO iandikwe juu ya ankara, muhuri upigwe, na jina la karani liwe linasomeka, si mchoro wa kuku. Piga picha ya karatasi hiyo palepale. Ankara nyingi "zisizoonekana" Nairobi hazikupotea kwenye sistemu, zilipotelea mlangoni hapo, kwa sababu aliyepeleka alikuwa na haraka na waliopokea waliandika 46 badala ya 48. Hesabu zikitofautiana kwa chupa mbili ankara nzima inawekwa pembeni, na mhasibu ana kisingizio chake halali. Chupa za kurudishwa vilevile: zikusanywe mara moja kwa mwezi, uzione kwa macho, zile zilizovunjwa na mteja dukani si zako.

Vipimo vya viungo usimtumie. Hata kama moyo wake ni mweupe, barua pepe haikai kwake peke yake. Nenda kwa KIPI, taasisi ya serikali ya kusajili alama za biashara, usajili jina na alama yako kabla ya chochote. Wakitaka pilipili yenye jina la duka, hiyo ni biashara nyingine, na si mbaya: hakuna ribeti, hakuna msichana wa rafu, hakuna chupa za kurudi kwa sababu zimekosa wateja. Lakini unawauzia pilipili iliyopikwa, huwauzii namna ya kupika. Nusu ya pesa itangulie kabla hujawasha jiko, chupa na lebo wanunue wao. Kampuni inayoamini bidhaa hiyo haitashindwa kutoa nusu.

Dada yako nimemsikia pia. Anaona kwamba kampuni kubwa ikikunyooshea mkono usiukwepe, na kuna mikono ya kampuni kubwa iliyowafaa wadogo. Mfano ulioanza hapa Kenya 2017 ni Jaza Duka, ambao Unilever, Mastercard na benki ya KCB waliuunda pamoja. Mwenye duka la mtaani ambaye benki haimjui, hana vitabu vya hesabu wala hati ya shamba, alipewa kiwango cha mkopo kwa kutazama tu historia ya oda zake za sabuni na mafuta. Unilever walipata nini? Waliuza sabuni zaidi, na hakuna aliyejificha. Ndiyo maana mpango wa namna ile unanielea kichwani kuliko vyeti vya hotelini: faida ya mkubwa iko mezani, na mdogo anaondoka na kitu alichokuwa hana. Kwako wewe kitu ulichokosa ni kulipwa mapema. Programu ya kuwainua wadogo ambayo haijagusa tarehe ya malipo imekusahau wewe ikamkumbuka mpiga picha.

Sasa nikuulize mimi. Kwa nini chupa za dukani peke yake? Mombasa nzima jioni inanuka mkaa. Wauza viazi karai, bajia, mishkaki, mihogo ya Lighthouse ulikoanzia, wote wanamwaga ukwaju kwa kikombe, na wengi wanaupika wenyewe usiku wakiwa wamechoka. Wapelekee mtungi wa lita tano, usio na lebo ya kupendeza wala msimbopau. Gharama ya chupa na kifuniko, ambayo nadhani ni sehemu nzuri ya zile 92 zako, inaondoka. Mtungi unarudi ukiwa mtupu, unaujaza tena. Wanalipa kwa namba yako ya till jioni hiyo hiyo. Kumi wa Majengo, kumi wa Likoni, kumi wa Kisauni penyewe, na yule msichana unayemlipa 15,000 apange rafu za watu anaweza kuwa ndiye anayezunguka na mitungi. Najua jambo hilo halitapigiwa picha hotelini.

Benki nayo usiifungie mlango. Rudi kwa afisa wa mikopo umwambie hutaki 900,000, unataka kiasi kidogo cha kununua magunia ya ukwaju wa Kitui msimu ambao bei iko chini, na dhamana iwe mwenendo wa akaunti yako na malipo ya Kongowea yanayopita kwenye simu. Akikwambia lazima hati, nenda kwa sacco. Muulize pia, kama benki yake inanunua ankara, wanakata kiasi gani kukulipa leo deni la supamaketi la miezi mitatu ijayo. Akitaja asilimia, ziweke kwenye ile hesabu ya 7.35 hapo juu kabla ya kusema ndiyo.

Wakijibu barua yako kwa maandishi, nitumie niisome kabla hujatia saini. Na nakala ya ile fomu ya kurasa nne pia, ukishaipata.

Mama Mshauri